Chupa za wanzuki zilizonipasukia usiku

Basi bwana, mwaka juzi mwezi wa 11, saa nane kasoro usiku, nimelala dirisha wazi kwa sababu ya joto (mnalijua joto la Dodoma kabla mvua hazijaanza, hata shuka unaliona adui), nikasikia paa! huko stoo. Nikajua mwizi. Wife akanishika mkono akasema usitoke. Tukatulia. Ikalia tena, paa!, afu kitu kikaanza kutiririka kwenye sakafu, na harufu ya asali ikaja taratibu mpaka chumbani. Sasa mwizi gani ananukia asali?

Kwenda kuwasha taa, chupa 3 hazipo. Yaani hazipo kabisa, vimebaki vitako tu vimekaa pale pale nilipovipanga. Kipande kimoja cha kioo kilikua kimechoma kiroba cha unga kikatulia humo ndani kama mkuki, kingine tulikuja kukiona asubuhi juu ya kabati. Na sisimizi, jamani, sijui taarifa huwa wanapeana saa ngapi, kumi na mbili alfajiri walikua washapanga foleni kutoka getini. Wife hakusema kitu. Akachukua ile katoni yenye chupa zilizobaki, akaifunika na blanketi zito, akaniambia hii itoke ndani ya nyumba hii leo. Nikaitoa.

Mimi nilikua natengeneza wanzuki. Kwa ambao hamjakulia huku kati, wanzuki ni pombe ya asali, asali na maji na kitu cha kuichachua, basi. Singida wanaijua, Tabora ndio usiseme. Kenya wana muratina yao inayochachuliwa na tunda la mwegea, Waethiopia wana tej wanayoitia majani ya gesho, kwahiyo hatujaanza sisi wala hatutaishia sisi. Shangazi yangu yuko Manyoni na ameipika tangu mimi sijazaliwa. Sema yeye hajawahi kupasukiwa na chupa hata moja, na ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwa nini. Hatumii chupa! Wanzuki ya shangazi inaanza kunyweka siku ya nne ya tano hivi, bado inachemka yenyewe, ina utamu, ina gesi inakuchoma pua, na ikifika wiki imeisha. Ipo kwenye ndoo, kifuniko kimeegeshwa, gesi inatoka inavyotaka. Ni kinywaji kilicho hai na watu wanakinywa kikiwa hai. Mimi nikataka kukifungia chupani kikae mwaka, kama wenzetu wa zabibu hapa Dodoma wanavyofanya na mvinyo wao, bila kujua kwamba hapo nimeshabadilisha kazi kabisa.

Kosa lenyewe lilikua hivi. Nilinunua dumu la asali la lita 5, nikaimwaga yote kwenye ndoo, nikajaza maji mpaka ikafika lita 20, nikatia hamira ya maandazi vijiko viwili. Hiyo ilikua mwezi wa sita. Ikachemka vizuri wiki mbili, afu ikapoa, mapovu yakawa moja moja, mwisho wa mwezi wa saba kimya. Nikasema imeiva. Nikaitia kwenye chupa, nikakaza vifuniko kwa mikono miwili, nikawa najisikia kiwanda.

Kumbe haikuiva, ilikua imelala. Lita 1 ya asali ina karibu kilo 1.4, kwahiyo lile dumu lilikua kilo 7, na asali ni kama asilimia 80 sukari, ukipiga hesabu ni kama gramu 280 za sukari kwa kila lita ya pombe. Hamira ya maandazi haiwezi kuimaliza yote hiyo, inaanza kuchoka pombe ikifika asilimia 10 mpaka 12. Halafu mwezi wa saba huku usiku baridi inashuka mpaka nyuzi 14, hamira nayo inajikunyata kama sisi tu. Na asali, pamoja na sifa zake zote, chakula cha hamira ndani yake ni kidogo mno, sukari tele lakini naitrojeni hakuna, ni sawa na kumlisha fundi soda tupu umwambie amalize ghorofa. Sasa Oktoba jua lilipoanza kuwaka, stoo yangu ya bati ikawa oveni, hamira ikaamka ikakuta sukari kibao na mlango umefungwa.

Na haihitaji sukari nyingi! Hili ndilo lililonitisha nilipokuja kulielewa. Gramu 4 tu za sukari kwa lita zikichachuka ndani ya chupa iliyofungwa zinaongeza presha kama ya anga moja, yaani kama ile ya hewa inayotuzunguka. Zile chupa nene za shampeni, zenye kitako kilichobonyea ndani, zimetengenezwa kubeba presha kama ya anga 6, ndio maana ni nzito vile. Mimi yangu ilikua na makumi ya gramu kwa kila lita, kwenye chupa za kawaida za kioo chembamba nilizookota baa.

Mwaka jana nikarudia, ila safari hii na haidromita. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, unakiachia kielee kwenye pombe unasoma namba, maji matupu ni 1.000, sukari ikiwa nyingi kinapanda juu. Niliagiza Dar, ikaja imefungwa kwenye magazeti mpaka nikadhani wamenitumia samaki. Nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, kwahiyo ukipima mchana wa Dodoma saa nane namba inakudanganya kidogo, pima asubuhi.

Asali nikachukua ya Itigi, dumu lile lile la lita 5, ililetwa na basi, na nikamwambia muuzaji nataka ambayo haijapikwa moto na haijaoshwa maji. Ile habari ya kupima asali kwa kuwasha kiberiti kilichochovywa humo mimi siiamini, wala ya kudondosha tone kwenye glasi ya maji. Nunua kwa mtu unayemjua, basi. Yangu ilikua imeganda nusu, watu wanadhani asali ikiganda ni sukari imetiwa, hapana, asali nzuri tu inaganda, nililiweka dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ikalegea. Sikuichemsha. Ukiichemsha ile harufu ya maua ya porini yote inakwenda kwa jirani.

Nikatumia kilo 6 badala ya 7, ile kilo 1 nikaibakiza kwenye kopo. Maji sikutumia ya bomba ya kwetu kwa sababu yana chumvichumvi, nilinunua ya dukani. Jumla lita 20, nikapima, 1.090. Nikakoroga kama dakika kumi kwa nguvu ili hewa iingie, hapo mwanzo tu ndio hewa inatakiwa, baadae ni adui. Hamira nikapata ya mvinyo, kipakti cha gramu 5, kwa jamaa mmoja anayeshughulika na zabibu, hizo zinavumilia pombe kali kuliko ya maandazi. Ya maandazi nayo sikuiacha, nilichemsha vijiko viwili mpaka ikafa kabisa afu nikaimwagia humo kama chakula, maana hamira hai inakula hamira iliyokufa. Ukatili lakini ndivyo ilivyo.

Kifuniko nikakitoboa nikapitisha mpira wa dripu, ule wa duka la dawa, ncha nyingine nikaizamisha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka blub, blub, hewa haiingii. Mtoto wangu wa mwisho akawa anakaa pale anahesabu. Ndoo nikaiweka kwenye beseni la maji na kitambaa kibichi kimeivaa, hewa yetu ni kavu kwahiyo kitambaa kinapoza vizuri sana, hiyo ni friji ya bure watu hawaijui.

Hiyo ilikua Aprili. Mei nikaihamisha kwa mpira, nikayaacha mashapo chini, nikajaza dumu la lita 10, la lita 5 na chupa mbili za lita 1 na nusu mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa. Julai nikahamisha tena. Ikaanza kua safi, ile rangi ya mawingu ikashuka chini siku hadi siku mpaka nikawa naona vidole vyangu upande wa pili. Agosti nikapima 0.998. Septemba 0.998. Hapo ukipiga hesabu ni pombe ya kama asilimia 12 na sukari imeisha. Mtu mwingine angefunga. Mimi nikakumbuka blanketi la mke wangu, nikaiacha ipite joto lote la Oktoba ikiwa bado ina mpira wake, nikasema kama una la kuamka amka sasa hivi. Haikuamka. Novemba, 0.998.

Chupa sasa. Nilizunguka baa mbili tatu nikakusanya chupa tupu za mvinyo, 30, wahudumu wakaniona fundi wa kuchanganyikiwa. Kuziosha kulikula Jumamosi nzima, unaloweka kwenye maji moto na sabuni ya unga karatasi zibanduke, unasugua ndani na brashi, afu unainusa moja moja. Usiruke kunusa! Chupa ya tisa ilikua imewahi kuwekwa mafuta ya taa. Unaweza kuiosha mpaka mwakani, mafuta ya taa hayatoki. Nikaitupa na mbili zenye ufa mdogo mdomoni. Zilizobaki maji yenye jiki kidogo sana, suuza, suuza tena, afu maji yaliyochemka yakapoa. Mpira nao hivyo hivyo, na kale kafaneli, na mikono.

Kujaza ni kazi ya watu wawili. Mmoja ameshika mpira, ncha iguse chini kabisa ya chupa ili isimwagike kwa kishindo ikanywa hewa, mwingine anaangalia juu. Wife alikubali kushika mpira ila akasema anavaa miwani. Miwani ya jua, saa nne asubuhi, ndani ya nyumba. Sikucheka. Kwenye shingo unaacha nafasi ya vidole viwili hivi. Vizibo vya koki vilikua vipya, vimelainishwa kwenye maji ya moto, nikavisukuma na kile kifaa cha mkono cha kuazima, cha kwanza kikaingia upande, cha pili kikazama chupani kabisa kikawa kinaelea kama boti, kuanzia cha tatu ndio mkono ukazoea. Zikatoka chupa 23. Nikaziandika namba na kalamu ya maka, nikazisimamisha siku tatu vizibo vikae sawa, afu nikazilaza chini ya kitanda cha wageni, chumba ambacho hakipigwi jua la jioni.

Siuzi, kabla hamjauliza, kuuza kuna leseni zake na mimi sina.

Mwezi wa pili mwaka huu shangazi akaja kliniki ya macho, akafikia kwangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia na wewe siku hizi unapika."

Nikafungua namba 4 kwa mbwembwe zote, kizibo kikatoka poo, ndogo tu ya kistaarabu. Ilikua na rangi ya dhahabu, imetulia, harufu ya asali ipo ila kwa mbali, mdomoni kavu kabisa. Mimi naiona nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nikammiminia kwenye glasi ya mguu. Akaiangalia kwenye mwanga, akanusa, akanywa funda moja, akakaa nayo.

"Imekufa hii," akasema.

"Haijafa shangazi, imetulia. Ndio inatakiwa iwe hivyo ikikaa kwenye chupa."

"Baba, kitu hakichemki, hakina utamu, hakikuchomi. Kama hakijafa, kinafanya nini?"

Nikaanza kumueleza mambo ya 0.998, nikamueleza presha, nikamueleza na zile chupa 3. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Afu akauliza ile kilo moja ya asali niliyobakiza iko wapi. Wife akamletea kopo na kijiko. Akachota kijiko kimoja kilichojaa, akakitia kwenye glasi ya mguu, akakoroga taratibu mpaka kikayeyuka, akanywa nusu.

"Haya," akasema, "leta na ya mama watoto."