Mvua Inataka Kunyesha: Wakati Ujao wa Kiingereza kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Kila mwaka, kuanzia Septemba wanafunzi wa darasa la saba wanapomaliza mtihani wao hadi Januari kidato cha kwanza kinapoanza, vyumba vya tuisheni hapa Mwanza hujaa watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na ambao baada ya miezi michache watatakiwa kusoma fizikia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Katika madaftari yao hukuta kanuni moja imenakiliwa kwa mwandiko mzuri: "-ta-" ni "will". Kanuni hiyo ina ukweli ndani yake na inamfaa mtoto kwa kuanzia. Lakini akibaki nayo hadi kidato cha nne, atakuwa amejua sehemu ndogo tu ya namna Kiingereza kinavyozungumzia mambo yajayo, na atakuwa amezoezwa kusahau kwamba lugha yake mwenyewe hutofautisha mambo hayo kila siku.

Kitenzi cha Kiingereza hakina umbo lake la wakati ujao. "Walk" hugeuka kuwa "walked" kwa yaliyopita, lakini kwa yajayo hakigeuki. Huazima msaada wa "will", wa "going to", au hutumia umbo lile lile la wakati uliopo. Kwa hiyo, anayeanza kwa kujiuliza "jambo hili litatokea lini?" huwa amejiuliza swali lisilotosha, kwa sababu maumbo yote hayo yanaweza kuzungumzia kesho ile ile. Swali linalofungua mlango ni hili: msemaji amejuaje kwamba jambo litatokea, na kama ni uamuzi wake, ameuamua saa ngapi?

Ukisimama Capri Point msimu wa mvua ukaona ziwa limegeuka rangi ya risasi na upepo umeanza kuvuma kuelekea mjini, husemi "mvua itanyesha". Unasema "mvua inataka kunyesha", na mwenzako anaelewa kwamba umeona dalili. Mwingereza aliyesimama hapo hapo atasema "It is going to rain", kwa sababu ile ile: chanzo cha jambo kipo tayari mbele ya macho. Umbo hili hutumika pia kwa nia iliyokwisha kukaa moyoni. Fundi cherehani aliyeamua tangu mwezi uliopita kununua mashine ya pili husema "I am going to buy another machine", hata kama fedha hajazipata bado.

Sasa tuje kwa "will". Mama mmoja anashuka kwenye basi pale Nyegezi akiwa na mtoto mgongoni na begi zito mkononi, nawe unamwambia hapo hapo, "Nitakubebea, mama." Kiingereza chake ni "I'll carry it for you." Uamuzi umezaliwa wakati ule ule unaposema. Ukimwambia "I am going to carry it for you", sentensi ni sahihi kisarufi, lakini inasikika kana kwamba ulikuwa umeshapanga jambo hilo kabla hajashuka. "Will" hubeba pia ahadi, utabiri unaotokana na maoni ya msemaji, na matangazo rasmi kama "The meeting will be held on Monday". Wala tusishangae kwamba neno hilo lina hisia ya hiari ndani yake, kwa kuwa katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilikuwa na maana ya kutaka, kama vile "-ta-" yetu ilivyotokana na "-taka", ambayo bado inaonekana wazi katika "atakayekuja". Ndiyo maana mvuvi ambaye injini ya mtumbwi wake haitaki kuwaka husema "The engine won't start", akizungumzia dakika hiyo hiyo na si kesho.

Umbo la tatu ndilo ninalolihimiza zaidi kwa watu wazima wanaokuja kusoma jioni baada ya kazi, kwa sababu linagusa riziki yao. Fikiria mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anayemwandikia mteja wa Kampala: "I will send the sacks on Friday." Mteja anasoma ahadi, na ahadi ni jambo jema. Lakini kama magunia yameshafungwa, lori limeshapatikana na dereva ameshalipwa malipo ya awali, sentensi inayosema hivyo ni "I am sending the sacks on Friday." Hapo mteja anasoma mpango uliokamilika. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: mtu mwenye tiketi mfukoni husema "kesho naenda Bukoba", na hakuna anayemsahihisha kwa kuwa ametumia "-na-". Ratiba zisizotegemea nia ya msemaji nazo huchukua wakati uliopo wa kawaida: "The ship leaves at nine tonight." Hapa niongeze kwamba "nine" hiyo ni saa tatu yetu ya usiku, na katika kupanga miadi kosa la saa huumiza kuliko kosa lolote la kitenzi.

Mahali panapowashinda wengi, hata waliofika chuo, ni sentensi zenye "when", "if", "before", "until" na "as soon as". Wanaandika "When I will arrive, I will call you", na chanzo chake kinaeleweka: kichwani wana "nitakapofika nitakupigia", ambayo ina alama ya wakati ujao mara mbili. Kiingereza kinaikubali alama hiyo mara moja tu, katika kishazi kikuu, kile kinachotaja wakati au sharti hubaki katika wakati uliopo: "When I arrive, I will call you." Dawa yake tunayo nyumbani. Kabla ya kuandika, geuza "nitakapofika" iwe "nikifika". "Nikifika nitakupigia" haina "-ta-" upande wa kwanza, na ukifuata umbo hilo hutaandika "will" mahali pasipostahili. Fanya hivyo kwa "akimaliza", "mvua ikikatika", "tukivuka", mpaka mkono uzoee. Jihadhari tu na sentensi kama "I don't know when he will arrive", ambapo "when" inauliza siku yenyewe, na hapo "will" ni halali.

Maumbo marefu yanatisha kwa majina yake, si kwa kazi yake, kwa kuwa sisi tunayajenga kwa "nitakuwa". "Nitakuwa ninafundisha" ni "I will be teaching". "Nitakuwa nimemaliza" ni "I will have finished". Daraja la Kigongo–Busisi lilipokuwa likijengwa, kuanzia mwaka 2020 hadi lilipofunguliwa Juni 2025, kila aliyekuwa akisubiri kivuko kwenye Ghuba ya Mwanza alikuwa na sentensi yake ya aina hiyo moyoni: "By next year they will have finished the bridge." Neno la kutazama ni "by", linaloweka mpaka ambao kazi itakuwa imekwisha kabla yake. Umbo lenye "will have been" pamoja na "-ing", kama katika "By June I will have been working here for ten years", hutumika mara chache. Lijue ulisomapo, usilikimbilie uandikapo.

"Shall" nayo isitupwe. "Shall I open the window?" ni "Nifungue dirisha?", na "Shall we go?" ni "Twende?" Hutumika kuomba kauli ya mwenzako kabla ya kutenda.

Kuhusu mazoezi, napendelea mazungumzo ya wawili kuliko kurasa za kujaza nafasi. Mmoja anatoa hali, mwingine anajibu kwa sentensi moja ya wakati ujao, kisha wa kwanza anauliza kwa Kiswahili, "Umejuaje?" Akijibu "nimeona dalili" au "nilikusudia tangu jana", sentensi yake ilipaswa kuwa na "going to", akijibu "nimeshapanga na mtu", iwe na "am" na "-ing", akijibu "nimeamua sasa hivi", iwe na "will". Zoezi hili halihitaji kitabu na linafanyika hata ndani ya daladala ya Buzuruga. Mwanafunzi wa mtihani akishalizoea, arudi kwenye karatasi zake na kuanza kwa kupigia mstari maneno kama "Look!", "by", "until" na "this time tomorrow" kabla hajagusa kitenzi chochote.