Siku Bibi Alipoulizia Karafuu

Msimu ule wa karafuu nilirudi kwetu, kijiji cha jirani na Wete, kompyuta ikiwa mgongoni. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, na kamusi yake ya Kiingereza ilikuwa imeishia herufi S. Zilizobaki zililiwa na mchwa. Nikamwahidi kamusi ambayo mchwa hataiweza.

Kabla sijapanda boti Unguja nilishapakua NLTK, maktaba ya programu za kushughulikia lugha za watu, iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta. Nilidhani maneno yamo humo humo. Wapi! Nilipoiendesha ikanitolea aya ndefu ya makosa: wordnet haipo. Kumbe maktaba ile ina njia za kutafutia tu. Maneno na maana zake yamo katika WordNet, hazina iliyoanzwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1985, nayo hupakuliwa peke yake. Bando langu la wiki likaishia hapo.

Usiku tulikaa barazani, Bibi na Mama wakichambua.

"Hebu niulizie karafuu," Bibi akasema.

Nikaandika clove. Zikaja maana: tumba la ua, mti wake, kiungo, na tembe ya kitunguu thomu.

"Thomu?" Bibi akaguna. "Haya, endelea."

Zilizofuata ndizo zilizonitoa jasho. Kupasua. Halafu, chini yake, kunata. Mdogo wangu akanitazama kama anayemtazama fundi aliyemharibia redio. Nilihangaika kitambo hadi nikaelewa: programu hulirudisha neno kwenye mzizi wake kabla ya kulitafuta, na clove ni pia cleave ya wakati uliopita, kitenzi cha ajabu chenye maana zinazopingana, kutenganisha na kushikamana. Makosa hayakuwa yangu, wala ya maktaba. Ni Kiingereza chenyewe.

Nikawaeleza, nikitarajia kichekesho.

"Mbona sawa tu," Bibi akasema, kidole gumba kikibandua karafuu kwenye konyo lake. "Twazitenganisha hizi, na vidole vyanata. Na makonyo je, yamo?"

Nilijua jibu, lakini nikaliandika vivyo hivyo, makonyo. Yakatoka mabano mawili, katikati hamna kitu.

Bibi akanisogezea pakacha.

"Funga hiyo, mjukuu wangu. Hili la kwako."