Tumbili wa Dodoma, nyani wa Mikumi na virusi vinavyohama

Tumbili anayevizia mahindi shambani Mpwapwa anaweza kuwa na SIV, kirusi cha nyani na kima kilicho binamu wa VVU, tena tele kwenye damu, na bado akazeeka bila kuugua. Mwili wake hauui kirusi. Baada ya wiki chache kinga yake hupoa badala ya kuwaka miaka yote, na seli zake nyingi za kinga zilizo za kumbukumbu huacha kuweka CD4, kile kitasa ambacho kirusi hushika ili kuingia.

Zaidi ya aina 40 za nyani, kima, mbega na jamaa zao barani Afrika zina SIV, nyingi zikiwa na ya kwao. Ndiyo maana watu walidhani kirusi na mnyama wamekua pamoja tangu zamani za kale. Hesabu ya mwaka 2010 iliyotumia kima wa kisiwa cha Bioko, kilichotengana na bara miaka 10,000 hivi iliyopita, ilionyesha SIV ina angalau miaka 32,000. Ni mzee, lakini kwa mnyama mwenyewe ni mgeni wa juzi.

Na virusi huhama. Mwaka 1994 ilichapishwa habari ya nyani wa manjano wa Mikumi, hapo chini ya Morogoro, aliyekutwa na SIV ya tumbili. Si ajabu: nyani hukamata tumbili akamla. SIV ya sokwe ni mchanganyiko wa virusi vya kima wa aina mbili, vilivyokutana ndani ya mwili mmoja vikabadilishana vipande. Sokwe wa Gombe hawana bahati ya tumbili. Walioambukizwa walionekana kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa rika lao. (VVU-1 iliyoenea duniani lakini ilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Cameroon, si wa Gombe.)

Anayetaka kuchukua sampuli huku kwetu, vibali kwanza: TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kisha kinyesi cha asubuhi ile ile, kabla jua halijakikausha. Glavu, barakoa, kijiti cha mbao. Kipande cha ncha ya kidole gumba kwenye RNAlater (dawa ya kuhifadhi RNA, chembe za urithi za kirusi), tikisa hadi kivunjike. Bonge likibaki zima, katikati huoza. Dawa hiyo hulinda sampuli wiki moja kwenye nyuzi 25, siku moja tu kwenye 37, na gari lililofungwa Dodoma mwezi Novemba hupita hapo kwa urahisi. Beba boksi la barafu.

Maabara, thibitisha mnyama kwa DNA ya mitokondria, maana tumbili na nyani huchangia mti na kisima. Tafuta kingamwili kwanza, ila usitegemee kipimo cha haraka cha VVU cha zahanati: kimetengenezwa kwa VVU, na SIV ya tumbili inaweza kukipita. Halafu praima, vipande vifupi vya DNA vya kunasia kirusi kwenye PCR, zilenge sehemu ya jini ya pol (ya vimeng'enya vya kirusi) isiyobadilika sana. Ukilenga env, jini ya ganda la nje inayobadilika sana, kwa mfuatano wa SIV moja, jibu la "hakuna" halitakuambia kitu.