Toa nguruzi, inua omo, acha upepo upite

Jana asubuhi nilipanda kwenye boti na ndoo mkononi na spanji mfukoni, nikijua kabisa ntamaliza saa mbili nzima nakausha maji. Nimekaa kama dakika kumi nikashuka na ndoo kavu na spanji kavu. Miezi mitatu imekaa nje juu ya treila, mvua imepiga ya kutosha, na ndani hamna tone! Nimepitisha mkono chini ya benchi, nikauingiza mpaka kwenye ile pembe ya tezi, kule nyuma ya boti, ambako maji huwa yanajificha, mkono umerudi na vumbi. Mwenye boti ataelewa kwa nini nimefurahia vumbi kiasi hicho.

Sasa nataka niandike hii kitu kwa kirefu maana kila nikikaa na watu wa boti naona wengi wanapambana na mvua tu, mtu ananunua turubai kubwa anafunga kila kona anaondoka zake na amani. Na mimi nilikuwa hivohivo. Kumbe maji hayaji kutoka juu tu, yapo mengine unayafungia ndani kwa mkono wako mwenyewe, na hayo ndo yameniharibia vitu vingi kuliko mvua.

Mwaka wa kwanza nilivuta turubai la plastiki nikalikaza likawa kama ngoma, chini nikazungusha kamba boti nzima, hata panya asingepita. Nimekuja kufungua baada ya wiki kama nane, nimenyanyua pembe moja tu maji yakanimwagikia kichwani. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone yamening'inia, ukigusa moja yanashuka yote. Mito ya viti imeota ukungu mweusi, majaketi ya kuokolea yanateleza, boksi la zana nimelifungua nikakuta koleo limeshika kutu halichanuki. Na turubai halikuwa na tundu, maana nililitandaza juani nikalikagua pima kwa pima nikakosa hata pa kupitisha sindano.

Iko hivi. Mchana jua linapiga turubai, ndani kunapata joto, na kila chenye unyevu kinatoa mvuke: kile kitambaa ulichosahau, maji kidogo yaliyobaki chini ya sakafu, hata udongo wenyewe chini ya boti. Hewa ya moto inabeba mvuke mwingi. Usiku ukiingia turubai linapoa haraka, hewa inayoligusa inapoa nayo, inashindwa kuubeba ule mvuke, unageuka matone na matone yanadondokea viti. Kesho yake jua linatoka mchezo unaanza upya. Funika sufuria ya moto halafu uangalie mfuniko kwa ndani, mfuniko ni mzima lakini unatiririka maji. Boti yangu ilikuwa sufuria.

Kwa hiyo siku hizi naanza na hewa, turubai linakuja baadae.

Kabla ya yote natoa kila kitu. Mito, majaketi, kamba, nyavu, karatasi, vile vitambaa vya kufutia mafuta, vyote vinaenda kukaa ndani ya nyumba, na betri nayo inatoka. Vifuniko vya makabati naviacha wazi, na vile vinavyojifunga vyenyewe naviwekea kijiti. Halafu naosha boti nzima kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hata kama kwa macho naiona safi, kwa sababu chumvi inavuta unyevu kutoka kwenye hewa, yaani sakafu yenye chumvi iliyokaukia utaikausha leo na kesho asubuhi unaikuta inanata tena. Nikishaosha naiacha wazi juani siku mbili kama hali ya hewa inaruhusu. Kufunika boti yenye majimaji ni kuhifadhi majimaji.

Halafu nguruzi. Kile kizibo cha chini kule nyuma, kitoe, na usikiache kinaning'inia ukasema utakumbuka, kifunge kwenye funguo za injini ili siku ya kushusha boti majini usiondoke bila kukirudisha. Na ukishakitoa usidhani umemaliza. Mwaka wa pili mimi nilikitoa vizuri tu, nikaenda zangu, turubai likapasuka upande mmoja kwa upepo, majani yakaingia, yakasombwa na maji mpaka kwenye tundu yakaliziba likawa kama limepigwa lami. Nimekuja nakuta matairi ya treila yamebonyea na sakafu haionekani.

Piga hesabu kidogo hapa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1, na lita 1 ya maji ni kilo 1. Boti yangu ina urefu wa mita 5 na kitu, ukiondoa mchongoko wa mbele tuseme mdomo wake ni mita za mraba 8. Mvua ya milimita 60, ambayo mvua kubwa ya usiku mmoja inaifikisha, inakuwekea humo ndani kilo 480. Karibu nusu tani, juu ya treila ambayo haikutengenezwa kubeba boti na bwawa. Na mzigo huo unatembea, unakimbilia upande mmoja, magogo ya treila yanalibonyeza faiba mahali ambapo halikutakiwa kubonyea. Ile siku nilizibua kwa waya, nikakaa pale nasikiliza maji yanatoka zaidi ya nusu saa, roho inaniuma. Tangu hapo tundu langu lina kipande cha wavu wa chuma kwa ndani, majani hayapiti, na nyigu nao hawaingii kujenga, maana hao nao wanapenda sana vitundu vya namna hiyo.

Tundu bila mteremko halisaidii kitu. Inua omo, yaani mbele ya boti. Watu wananiuliza iinuliwe kiasi gani, mi nawaambia mwaga ndoo moja ya maji kule mbele kabisa halafu shuka ukasimame nyuma uangalie. Kama yametoka yote, umemaliza. Kama yametoka nusu, panda uangalie yamekwamia wapi, mara nyingi utayakuta nyuma ya taruma, zile mbavu za ndani za boti, pale kwenye vile vitundu vidogo vya kupitishia maji ambavyo vimejaa mchanga na magamba ya samaki. Mi navipitishia waya kila mwaka. Na gurudumu la mbele la treila usiliamini peke yake, ardhi ikilowa linazama, chini yake weka ubao mpana.

Sasa ndo turubai. Kosa kubwa ninaloliona kila mahali ni turubai lililolala bapa kama kitambaa cha meza. Litashika maji tu hata ulikaze vipi, kwanza kidimbwi kidogo, kidimbwi kinavuta turubai chini, kidimbwi kinakua. Kidimbwi cha mita 1 kwa mita 1 chenye kina cha sentimita 10 ni kilo 100 zimekaa juu ya nguo! Na maji yakituama mbu wanataga, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka kwenye joto haichukui zaidi ya wiki moja na nusu hivi, kwa hiyo hata kama boti huionei huruma, waonee huruma wanaolala jirani nayo. Dawa yake ni mgongo. Mi nina mti mmoja mrefu umelazwa katikati kutoka omo hadi tezi, umeshikwa na vigingi vitatu vyenye mguu mpana chini, turubai linapita juu yake linashuka pande zote mbili kama paa la nyumba. Likipita ukingo wa boti linashuka tena chini kidogo ili matone yadondokee nje. Kichwa cha kila kigingi nimekivalisha zulia la zamani, maana pale ndo turubai linapotobokea kila siku. Na kwenye pembe za kioo na vyuma naweka vipande vya mpira wa kumwagilia maji nilivyovipasua kwa kisu.

Mbele na nyuma, pale chini ya mgongo, naacha mdomo wazi wa kutosha kupitisha kichwa cha mtu. Wengine wanaogopa, wanasema mvua ya upepo itaingia. Itaingia, ndio, kikombe kimoja au viwili, na vitatoka chini kwenye tundu, na kitakachobaki upepo utakikausha kufikia saa sita mchana. Hewa ikipata pa kuingilia na pa kutokea haikai ikageuka jasho. Kama boti yako ina chumba kinachofungika unaweza kuweka kopo la kloridi ya kalsiamu linyonye unyevu, linafanya kazi kweli, ila lile kopo linajaa maji ya chumvi kali yanayokula chuma, liweke ndani ya beseni ambalo halipinduki. Kwenye boti ya wazi hilo kopo ni kujichosha, utakuwa unakausha dunia nzima.

Kuhusu kufunga, kuna jambo moja nalisema kwa uzito wote. Kama boti imekaa juu ya vyuma vya kuiegemeza ubavuni, usifunge kamba ya turubai kwenye hivyo vyuma. Upepo ukishika turubai unatikisa kamba, kamba inavuta chuma, chuma kinateleza na boti inalala ubavu, na kama kuna mtu chini yake hiyo siyo hasara ya boti tena. Pitisha kamba chini ya tumbo la boti utokee upande wa pili. Au ning'iniza madumu ya maji kwenye pindo za turubai, na kamba iwe fupi kiasi kwamba dumu haligongi ubavu.

Wenye vyombo vya mbao mnisikilize kwa kipimo. Kwa mbao ukavu nao unaua. Ubao ukikauka kupita kiasi unasinyaa, pengo linafunguka katikati ya ubao na ubao, kalafati, zile nyuzi za kuzibia mapengo, inalegea, na siku ya kushusha chombo maji yanaingia kama kwenye kikapu mpaka mbao zivimbe tena. Lakini ubao uliokaa na maji ya mvua unaoza, na maji ya mvua yanaozesha kuliko ya bahari, kwa sababu kuvu inayokula mbao haipendi chumvi. Inaanza kazi unyevu wa ubao ukizidi takriban asilimia 20. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kivuli, upepo, na hakuna maji yaliyotuama, hasa kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, na pale ubao unapokutana na ubao. Jua kali la moja kwa moja usiliruhusu. Na chombo kidogo, mtumbwi au kiboti cha kupiga makasia, hakihitaji habari zote hizi, kipindue kifudifudi juu ya magogo mawili, kiwe juu ya ardhi kiasi cha mkono kupita, basi.

Wenye faiba nao wasijione wamepona. Faiba lenyewe halinywi maji kirahisi ila ndani ya ule ubao wa nyuma unaobeba injini mara nyingi kuna plaiwudi, na kila skrubu iliyopigwa bila silikoni ni mlango. Gonga pole pole na mpini wa bisibisi ukisogea sentimita chache chache. Palipo pazima panalia ko ko ko, palipoloa panajibu kwa sauti ya kufa, kama umegonga gunia. Mi nilipata mahali pawili, pote chini ya skrubu za kishikizo cha ngazi ambazo hata sikuwa nazikumbuka. Niliondoa skrubu, nikaacha vitundu wazi vikauke wiki kadhaa chini ya turubai lenye hewa, ndo nikaziba.

Injini iache imesimama wima ili maji yaliyobaki yashuke yatoke. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi utoe oili kidogo, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yamepita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji, na kama unakaa penye baridi ya barafu usilale kabla hujarekebisha, maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na giaboksi inapasuka.

Hata ukifanya yote hayo, nenda kaitazame. Mi naenda kila baada ya wiki mbili na kila baada ya mvua kubwa, naangalia tundu, napapasa turubai kwa ndani. Jana kwenye kigingi cha katikati nimekuta zulia limechanika na turubai limeanza kuwa jembamba pale pale, ukilitazama kwa jua unaona mwanga wa rangi ya maziwa, saizi ya kucha ya kidole gumba. Zulia lingine nimeshakata, kesho alfajiri napanda kulibandika kabla wingu la huko mashariki halijafika.