Kirusi Nilichokifikia kwa Njia ya Kiswahili

Nilimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nikapata ufadhili wa serikali ya Urusi, na kozi niliyopangiwa ikawa filolojia: lugha na fasihi ya Kirusi. Kule Tanga ndugu zangu walikuwa wamejiandaa kusikia udaktari au uhandisi, kwa hiyo nilipowasomea barua walinyamaza kidogo, kisha mjomba akauliza kama Warusi wenyewe hawatoshi kuisoma lugha yao. Sikuwa na jibu, nikafunga mizigo.

Mji niliopelekwa ni Voronezh, safari ya usiku mmoja kwa treni kutoka Moscow, na kwa mtu wa fasihi ni mji wenye baraka zake. Ivan Bunin, mwandishi wa kwanza wa Kirusi kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1933, alizaliwa hapo mwaka 1870. Mwandishi Andrei Platonov naye alizaliwa hapo mwaka 1899. Na mshairi Osip Mandelstam aliishi humo uhamishoni kuanzia 1934 hadi 1937. Hayo niliyajua baadaye sana. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa maandalizi, ambao wanafunzi huuita podfak, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumtoa mgeni asiyejua hata herufi moja kati ya 33 na kumfikisha kiwango cha B1, yaani cha kati, ambacho bila hicho mlango wa shahada haufunguki.

Kosa langu la miezi mitatu ya kwanza lilikuwa kukipitisha kila kitu kwenye Kiingereza. Kitabu chetu cha sarufi kilieleza kwa Kiingereza, kamusi yangu ilikuwa ya Kiingereza, na mimi kichwani nilikuwa nikitoa neno la Kirusi, nikalipeleka kwenye Kiingereza, kisha nikalileta nyumbani kwenye Kiswahili likiwa limechoka. Mwalimu alipouliza swali, jibu langu lilikuwa bado njiani.

Mambo yalibadilika siku tuliyofundishwa upatanisho. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi yenye maana ya «kitabu changu kizuri kimepotea»: moya khoroshaya kniga propala. Wenzangu walilalamika kwamba haiwezekani kila neno libadilike kwa sababu ya nomino moja. Mimi nilitazama zile a zilizopangana mwishoni mwa maneno, nikakumbuka ki- na ch- zetu zinavyopangana mwanzoni, nikacheka peke yangu. Sisi tunafunga kamba kichwani, wao wanafunga mkiani, lakini kamba ni ileile. Mtu aliyekulia ndani ya ngeli za Kiswahili hawezi kutishwa na jinsia tatu za nomino za Kirusi. Usiku ule nilianza daftari jipya lenye safu mbili tu, Kirusi na Kiswahili, na kamusi ya Kiingereza nikaiweka chini ya godoro. Baadaye maktabani nilikuta kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyochapwa Moscow enzi za Kisovieti, kurasa zake zimekuwa za manjano, na nadhani mwaka ule hakuna mtu mwingine aliyeiazima.

Matamshi nayo yalinipa zaidi ya nilivyotarajia. Ile kh ya «kheri», ambayo wenzangu kutoka nchi nyingine waliigeuza kuwa k, mimi nilikuwa nayo tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Konsonanti laini za Kirusi, ambazo ndizo huwatesa wageni, niliziingilia kwa mlango wa ny: mlezi wa mshairi Pushkin, Arina Rodionovna, ambaye kila mtoto wa Kirusi anamjua, huitwa kwa neno lisikikalo karibu sawasawa na «nyanya» yetu, na hata maana yake haiko mbali sana na bibi anayelea wajukuu. Kutoka kwenye ny nilijifunza kulainisha t, l na d.

Mkazo wa maneno, hata hivyo, ulinifedhehesha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, wala mtu hahitaji kufikiri. Katika Kirusi mkazo hutangatanga na kubadilisha maana. Siku moja nilisimama darasani kueleza ninachopenda kufanya jioni, nikasema kwa sauti kwamba napenda kuandika, pisat. Kwa kuwa neno lina silabi mbili, ulimi wangu wa Tanga ukaweka mkazo kwenye ile ya kwanza, na kwa mkazo huo neno lina maana ya kwenda haja ndogo. Mwalimu aligeukia dirisha na kukaa hivyo kwa muda, mabega yakimtikisika. Tangu siku hiyo sikuandika neno jipya bila kulitia alama ya mkazo kwa kalamu nyekundu.

Kulikuwa pia na vitenzi vya mwendo. Sisi tuna «kwenda», na mtu akisema anakwenda Dodoma hakuna anayemuuliza anakwenda kwa chombo gani. Mrusi hana neno hilo moja. Lazima uchague kama unakwenda kwa miguu au kwa chombo, na kama ni safari moja au ni kwenda na kurudi. Likizo ya baridi ilipokaribia nilimwambia mwalimu, ya idu v Moskvu. Alivitazama viatu vyangu, akasema, «Kwa miguu? Basi chukua na mkate.» Ni kama kilometa 500.

Kanuni hizo niliziweza kwa kuzikariri tu, na sina siri ya kumpa mtu. Lakini suala la kitendo kilichokamilika na kisichokamilika lilirudi tena kwenye Kiswahili. Tulipewa hadithi ya kusoma, na mwalimu akauliza kama nimeisoma. Nikajibu chital. Akauliza tena, «Chital au prochital?» Nikarudia chital kwa kujiamini, naye akapita kwa mwenzangu, kwa sababu nilichokuwa nimemwambia ni kwamba nilikuwa nikisoma, wala sikusema kama nilifika mwisho. Nilipotafsiri jambo hilo kwa «nilikuwa nikisoma» dhidi ya «nimekwisha kusoma», likakaa mahali pake na halikunisumbua tena sana.

Utamaduni tulikuwa na somo lake, lenye tarehe nyingi, ila mimi nilijifunza zaidi kwa mama wa makoti. Katika majengo ya chuo huruhusiwi kuingia darasani na koti zito. Unalikabidhi chini, kwenye chumba cha makoti, unapewa namba. Koti langu la mtumba halikuwa na kitanzi cha kulitundikia. Mama yule alilishika kwa vidole viwili, akanisomea hotuba ndefu mbele ya foleni nzima, na jioni nilipolifuata nikakuta ameshona kitanzi kwa uzi mweusi. Sikujua nimshukuruje mpaka mwanafunzi mmoja aliponinong'oneza nimwite kwa jina lake pamoja na jina la baba yake, kama Warusi wanavyowaita wakubwa. Hapo nikaelewa desturi ambayo kitabu kilikuwa kimeieleza kwa ukurasa mzima: ni bin na binti zetu za pwani, isipokuwa wao wanazitumia pia pale ambapo sisi tungesema shikamoo.

Katika fasihi, niliamua kusoma kidogo lakini kwa kina. Hadithi iliyonifungua ni ya Anton Chekhov, ya mwaka 1883, kurasa tatu hivi: karani anapiga chafya katika ukumbi wa maonyesho, anamrushia mate mkubwa mmoja aliyekaa mbele yake, kisha anamfuatafuata kuomba radhi mpaka anafukuzwa, anarudi nyumbani na kufa. Mara ya kwanza nilielewa kila neno na sikucheka hata kidogo. Mwalimu alituambia tuache kamusi tutazame jedwali la vyeo 14 ambalo Peter Mkuu alilitoa mwaka 1722, lililompangia kila mtumishi wa serikali daraja lake na namna ya kuitwa. Akatuonyesha pia kwamba jina la karani limetokana na neno la mnyoo, na kwamba yule mkubwa hakuwa hata bosi wake. Nikaisoma tena. Safari hii nilimwona mtu ninayemjua, amesimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, akiomba radhi kwa kuwa amekohoa.

Hadithi hiyohiyo ndiyo iliyonitokea kwenye mtihani, na mitihani yao mingi ni ya mdomo: unaokota karatasi juu ya meza bila kuona kilichoandikwa, unapewa muda wa kujiandaa, kisha unakaa uso kwa uso na mtahini. Usiku wa kuamkia siku hiyo wenzangu wa bweni walifungua dirisha na kupunga vitabu vyao vya alama nje, wakiita bahati iingie, theluji nayo ikaingia pamoja nayo. Nilipata 4 kati ya 5.

Kwa kazi ya mwisho ya shahada niliitafsiri hadithi hiyo kwa Kiswahili na kuandika juu ya matatizo ya tafsiri hiyo. Kurasa tatu zilinichukua miezi miwili, na neno la mwisho peke yake wiki moja, kwa kuwa Chekhov hakutumia neno la heshima la kifo. Alichagua la mtaani, fupi, baada ya nukta tatu. Nilikuwa nimeandika «akafariki», kwa malezi. Msimamizi wangu, ambaye hajui Kiswahili, aliniomba nimsomee sentensi nzima kwa sauti, mara moja na «akafariki» na mara moja na «akafa». Alinifanya nirudie. Kisha akachukua kalamu yangu, akaweka duara kwenye lile fupi.