Chungwa, mapunye na kikapu cha vitambaa

Chungwa aliingia kwangu mwezi wa sita, ndani ya tenga la machungwa. Jirani yangu hufuata machungwa Muheza na kuyauza hapa Ngamiani, Tanga, na siku hiyo alipofika chini ya tenga alikuta paka mdogo wa rangi ileile ya mzigo wake. Binti yangu wa miaka sita alikwisha mkumbatia kabla sijasema ndiyo wala hapana.

Mimi ni fundi cherehani na kazi zangu nazifanyia sebuleni. Kando ya cherehani kuna kikapu cha vipande vya vitambaa. Chungwa alikifanya kitanda chake.

Kama wiki ya tatu hivi niliona nyuma ya sikio lake la kushoto manyoya yamenyonyoka, pahali pa ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, ngozi ina magamba kama majivu. Hakuwa akijikuna sana, nikadhani ameungua jikoni. Siku chache baadaye binti yangu akatokwa na duara jekundu mkononi, kingo zimeinuka, katikati pamepoa. Hilo nalijua tangu utotoni: choa. Nilipomfumua nywele nikakuta mabaka mawili, nywele zimekatikia chini. Mapunye.

Niliumia, na nikaona aibu. Mtaani mapunye huhesabiwa ni ya mtoto asiyeogeshwa, na wangu naogesha asubuhi na jioni. Nikamfunga kitambaa kichwani, nikaenda duka la dawa, nikapewa tyubu ya krimu ya mchanganyiko. Wekundu wa mkononi ulitulia kwa siku tatu. Nilipoacha kupaka ukarudi na duara limetanuka mara mbili. Kliniki nilielezwa kwamba ndani ya krimu ile mlikuwa na steroidi: inatuliza mwasho na wekundu, lakini inaizuia ngozi isijipiganie, na fangasi wanazidi kusambaa. Mama mwenzangu, soma maandishi ya tyubu kabla hujampaka mtoto. Ukiona neno betamethasoni, aina ya steroidi, uliza kwanza.

Bibi wa nyumba ya pili alinishauri nimpake paka oili chafu ya gari. "Mbwa wetu zamani tuliwatibu hivyo, mwanangu." Nilimwitikia kwa adabu, ila sikufanya. Paka hujiramba mwili mzima. Oili, mafuta ya taa, hata ile dawa ya kahawia inayogeuka maziwa ikiingia majini, yote hayo yataishia tumboni mwake, na ni sumu.

Wengine walisema nimtupe. Usiku mmoja nilimtia kwenye boksi nikanuia kumwacha soko la Mgandini kabla watu hawajajaa. Nilikaa na lile boksi mapajani, yeye amelala ndani, mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha nililipeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alifunga madirisha akamulika kwa taa ya zambarau. Nywele za kuzunguka lile baka ziling'aa kijani, moja moja. Alisema si fangasi wote wanaong'aa, kwa hiyo paka asiyeng'aa asidhaniwe mzima kwa taa peke yake. Alizing'oa nywele kadhaa kwa kibano, akazipeleka maabara zikaoteshwe, waone kama fangasi wataota. Baada ya wiki mbili jibu lilitoka: Microsporum canis, fangasi anayewapata zaidi paka, hasa wadogo, na anayehamia kwa watu bila shida. Paka mwingine humbeba bila kuonyesha baka lolote.

Nikamwambia wazi kuwa nilitaka kumtupa. Akanijibu, "Mama, ukimtupa yeye, nywele zake zinabaki ndani kwako." Hapo ndipo nilipokikumbuka kikapu. Mbegu za fangasi huyu hukaa kwenye nywele na magamba yaliyodondoka, na zinaweza kuishi zaidi ya mwaka. Mimi nilikuwa nashona kazi zangu kando ya kikapu hicho.

Chungwa alipimwa kwenye mizani, kilo moja na robo, akaandikiwa itrakonazo, dawa ya fangasi, kwa uzito wake: wiki anakunywa, wiki anapumzika. Akaoge mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya mikonazo na kloheksidini, povu likae dakika kumi. Dakika kumi na paka aliyelowa ni ndefu. Nilimviringisha taulo nikawa namwimbia. Mtoto alipewa krimu ya fangasi ya mkononi, lakini ya kichwani ilihitaji dawa ya kunywa, griseofulvini, wiki nane, kwa sababu krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele. Aimeze na chakula chenye mafuta ndipo ishike. Basi kila siku nilihakikisha kuna nazi.

Tulimhamishia Chungwa chumba cha uani. Daktari alisisitiza nisimfungie akabaki peke yake, maana paka mdogo anajifunza kuzoea watu katika wiki hizohizo, na akizikosa hazirudi. Nikatundika dera kuukuu kwenye msumari mlangoni. Kila jioni navaa lile, naingia, nacheza naye, navua, naosha mikono kwa sabuni. Binti yangu alikaa nje ya mlango akimsomea kitabu chake cha darasa la kwanza.

Kazi kubwa ilikuwa nyumba. Fagio la chelewa nililiweka kando, linarusha vumbi. Nilideki kwa maji. Nywele kwanza, nilizinasa kwa utepe wa gundi kwenye cherehani, chini ya kabati, mpaka kwenye kanyagio. Halafu sabuni na maji. Halafu ndipo jiki, kikombe cha chai kwa ndoo ya lita kumi, paka na mtoto wakiwa nje mpaka sakafu ikauke. Jiki juu ya uchafu haina kazi, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Vitambaa nilivifua mara mbili mbili, nikavianika juani. Kikapu nilikichoma. Mara mbili kila wiki, miezi miwili, mgongo wangu unaikumbuka.

Wateja wanne vitambaa vyao vilikuwa kwangu. Niliwaita mmoja mmoja nikawaeleza. Mmoja alichukua kitenge chake akaondoka kimya, na hajarudi. Iliniuma, lakini ningemficha halafu mwanawe akaota choa, ningelala vipi? Mwingine alikaa, akamfungua mjukuu wake kofia. "Haya ndiyo hayo?" Ndiyo hayo. Na kwao wana paka.

Mwezi wa tisa daktari alirudia kuotesha nywele, mara mbili, zikatoka safi. Nywele za binti yangu zimeota, fupi bado, kwa hiyo hatasuka kwa sasa. Mlango wa uani uliachwa wazi siku ya Ijumaa. Chungwa alipita sebuleni akinusa, akaenda moja kwa moja pale pa zamani. Kikapu kipya kina mfuniko. Akaupanda, akajizungusha, akalala juu yake.