Pasaka Siku ya Kazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwetu Rungwe, Tanzania, sisi wa Kanisa la Moravian huamka usiku siku ya Pasaka na kwenda makaburini kwa pamoja, ili jua likichomoza litukute tukiimba ufufuo kati ya ndugu zetu waliolala katika Bwana. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, nami nimekua nayo. Hapa Muscat, mji mkuu wa Oman, mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Ibada kubwa tunazifanya Ijumaa, katika viwanja vya makanisa vya Ruwi na Ghala vilivyotolewa na Sultan Qaboos, aliyekuwa mtawala wa nchi hii, na kwa hilo namshukuru Mungu. Jumapili yenyewe ni siku ya kazi. Wakati wenzetu Rungwe wanatoka majumbani saa kumi na moja na nusu, huku imekwisha kutimia saa kumi na mbili na nusu, na watoto wa nyumba ninayofanyia kazi wanasubiri chai waende shule.

Miaka miwili ya kwanza nililia jikoni, nikiamini kwamba Pasaka imenipita. Kisha nikasoma tena Marko 16, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona nilipokuwa nyumbani. Wale wanawake hawakwenda kaburini kusherehekea. Sabato ilikuwa imekwisha, nao waliamka alfajiri wakabeba manukato kwenda kuupaka mwili wa marehemu, kazi nzito ya mikono, huku wakiulizana njiani ni nani atakayewavingirishia lile jiwe. Habari ya ufufuo iliwakuta wakiwa kazini. Na kwa karibu miaka mia tatu baada ya hapo waamini waliishika Jumapili bila kupewa ruhusa na mtu yeyote, kwa maana ilikuwa mwaka 321 tu ndipo Kaizari Konstantino alipoifanya kuwa siku ya mapumziko.

Walifanyaje basi? Plinio, liwali wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaizari Traiano karibu mwaka 112 kwamba Wakristo hukutana kabla ya kupambazuka na kumwimbia Kristo kama Mungu. Anataja pia vijakazi wawili, wahudumu wa kanisa, ambao aliwatesa ili waseme ukweli. Vijakazi, wapendwa! Wanawake waliokuwa na bwana wa kumtumikia mchana kutwa, lakini saa ile ya giza ilikuwa ya Bwana wao mwingine. Nikiwafikiria hao, sioni tena kwamba niko mbali na kanisa.

Jumapili hii nitaamka saa kumi na nusu. Nitafungua dirisha la jikoni linalotazama mashariki, nisome Marko 16 kwa sauti ya chini, niwataje kwa majina baba na bibi waliolala kule Rungwe, kisha nibandike maji ya chai.